Kisogo cha Onyancha

Kwa miezi miwili kichwa cha mume wa Bitutu kilikaa juu ya kigae nyuma ya mlango, kimefunikwa kwa jani bichi la mgomba ili udongo wake usikauke. Kilikuwa na shingo, masikio mawili, nywele na ukosi wa shati. Kilikuwa na kila kitu isipokuwa uso. Kila asubuhi Bitutu alikifunua, akakinyunyizia maji kwa vidole, akapatazama mahali ambapo pua ilipaswa kuwa, kisha akakifunika tena na kwenda zake shambani. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, na Magwagwa nzima ilijua kwamba mke wa Onyancha anamfinyanga mumewe ili azikwe.

Usishangae. Huko kwao, mtu akifia mbali na maiti yake isionekane, hakuachwa hivi hivi. Watu walikata shina la mgomba, wakalivika nguo zake, wakalilaza kaburini, wakalia kama ilivyo ada. Baada ya hapo aliyekufa akawa amekufa kweli, na waliobaki wakapata usingizi. Shina la mgomba halina gharama wala halibishi, na limesimama mahali pa watu wengi wa heshima. Bitutu ndiye aliyelikataa, na hapo ndipo matata yalipoanza.

Onyancha aliondoka Januari ya mwaka wa sitini na tano, miezi kumi na mmoja baada ya harusi, kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya miwa ng'ambo ya Busia, huko Uganda. Alisema angekaa miaka miwili. Wanaume wa siku zile walitaja miaka miwili kama wengine watajavyo kesho. Ziliwahi kufika barua tatu, zote fupi, zote zikiuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za mke, na ya mwisho ilifika mwaka wa sitini na nane. Kisha mambo ya kule yakaharibika. Waliokuwa huko walianza kurejea mmoja mmoja na mabunda yao kichwani. Kila aliyerejea aliulizwa, na kila aliyeulizwa alitikisa kichwa. Mmoja tu, mtu asiye na tabia ya kubuni mambo, alisema alisikia kwamba Onyancha aliugua homa akafa, lakini hakujua alikozikwa.

Bitutu alibaki. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na nyumba moja ya udongo, shamba la wimbi, migomba michache, na mikono yake. Na mikono hiyo, kusema haki, haikuwa ya kawaida. Aliufuata udongo wa mfinyanzi bondeni kando ya kijito, akauponda, akauchanganya na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika, maana udongo mpya usiopewa kigae cha zamani hupasuka motoni. Vyungu vyake havikuvuja. Watu walipojenga, au walipotarajia wageni wa harusi, walimwita awapambie kuta. Alikuja na vibuyu vyake vya rangi: chokaa ya mawe meupe, udongo mwekundu, masizi, na bluu ile ya kufulia mashati, ambayo yeye aliigundulia kazi nyingine. Alichora kwa vidole, bila kupima, na mistari yake ilinyooka hata wale waliokuwa wakimsengenya wakanyamaza wakiitazama. Nyumba yake mwenyewe hakuipaka kitu tangu Onyancha aondoke. Mfinyanzi hulia gaeni, watu walimtania, naye aliwaachia mzaha wao. Jioni alikula peke yake, akaosha bakuli moja, akaliinamisha.

Basi mwaka huo wa sabini na tatu Kemuma, mama mkwe wake, aliwakusanya watu wa mji wake. Alikuwa ameshakula chumvi nyingi, na mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na kivuli tu. Alisema jambo moja bila kuzunguka: hataki kuingia kaburini akimwacha mwanawe nje. Machogu, mdogo wake Onyancha, alisema shina la mgomba ameshalichagua. Machogu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameoa, ana watoto wanne, na amechoka kuulizwa sokoni habari za kaka yake.

Bitutu hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wakwe zake. Siku hiyo alisema. Alisema mgomba ukikatwa leo wiki ijayo umeoza, na kwamba Onyancha hakuwa mgomba. Akasema kama ni lazima azikwe, atamfinyanga yeye mwenyewe. Watu walitazamana. Kemuma akauliza ingechukua muda gani, na Bitutu akajibu kwamba udongo hauharakishwi. Wangoje mpaka wimbi livunwe. Wakakubali.

Sasa ukweli ni huu, na hapo barazani hakuna aliyeujua: alikuwa akiwachezea. Onyancha akizikwa, yeye ni mjane. Asipozikwa, yeye bado ni mke wa mtu, na jioni barabara ikitoa mtu asiyejulikana yeye bado ana haki ya kusimama na kutazama. Alipanga kuwa mfinyanzi mvivu kuliko wote duniani. Angesema udongo umepasuka. Angesema umekauka vibaya. Angesema mikono inauma. Wimbi lingevunwa, lingepandwa jingine, na watu wangechoka.

Lakini alipokaa na udongo, uongo ulimwondoka. Alianza kazi kwa kukivunja chungu cha maji ambamo Onyancha alichota mara ya mwisho asubuhi ya kuondoka. Alikuwa amekihifadhi chini ya kitanda miaka minane bila kukitumia. Alikiponda, akakichekecha, akakikanda ndani ya udongo mpya kwa visigino na kisha kwa viganja. Alijenga shingo kwa pete juu ya pete. Kisogo kilikuja chenyewe. Mikono yake ilijua mahali nywele za utosini zilipozunguka kuelekea kushoto. Ilijua sikio la kushoto lililosimama mbali kidogo na kichwa, kikunjo cha ngozi juu ya ukosi, na kovu la jipu chini ya kikunjo. Alifanya kazi siku tatu akisahau hata kula, na alikuwa na furaha, jambo ambalo lilimtisha kidogo.

Siku ya nne akakigeuza kichwa ili aanze uso. Dole gumba likagusa udongo, likasimama.

Alingoja. Alidhani amechoka. Akafumba macho amwite Onyancha kama alivyozoea kumwita kabla ya usingizi, na Onyancha akaja. Ila alikuja amegeuka. Alimwona anapanda kilima. Alimwona ameinama zizini. Alimwona amekaa mlangoni, amempa mgongo, anachonga mpini wa jembe. Mke kijana wa enzi zile hakumkodolea mumewe macho. Alitenga chakula akiwa ameinamisha kichwa, akaondoka, na usiku nyumba ilikuwa giza. Miezi kumi na mmoja si mingi. Alijaribu pua, ikatoka pua ya Machogu. Akaifuta. Akajaribu mdomo, ukatoka mdomo wa marehemu baba yake. Mara ya tatu alipata uso mzuri sana, kisha akamtambua yule mwanamume wa picha ya kalenda iliyotundikwa dukani. Akaufuta huo nao, akakaa chini sakafuni. Miaka minane alikuwa akimngoja mtu ambaye, angempita sokoni, huenda asingemjua.

Aliona aibu. Mjane hulia, na watu humlilia. Lakini mke aliyesahau uso wa mumewe atamwambia nani? Picha haikuwapo. Picha pekee ya Onyancha ilikuwa kwenye kipande, kitambulisho chake, na kipande alikwenda nacho.

Alimkumbuka Mokeira, wifi yake aliyeolewa Nyakoe. Watu walizoea kusema kwamba yeye na Onyancha ni kama wamekatwa kwa kisu kimoja. Akafunga safari. Alitembea hadi barabara kuu, akapanda basi, akamkuta Mokeira sokoni amekaa nyuma ya mikungu yake ya ndizi. Walisalimiana, wakaulizana habari za mama na za mvua. Kisha Bitutu akamkazia wifi yake macho kama mtu anayenunua ng'ombe. Alimtazama paji la uso, akamtazama kidevu. Mokeira alivuta kitambaa chake cha kichwa, akajipangusa mdomo, mwishowe akauliza kama ana kitu usoni.

Bitutu akamwuliza anamkumbukaje kaka yake. Mokeira akacheka kidogo kwa huzuni. Alisema yeye aliolewa mapema, akaondoka nyumbani Onyancha akiwa bado mdogo, na Onyancha anayemkumbuka ana miaka tisa na kamasi mpaka mdomoni. Kisha akasema, bila ubaya wowote:

"Wewe ndiye uliyeishi naye akiwa mwanamume, wifi. Mimi ndiye ningekuuliza wewe."

Bitutu alirudi Magwagwa na mkungu wa ndizi aliopewa na wifi yake. Njia nzima alijaribu kuuvua uso wa Mokeira uanamke ili abaki Onyancha, na kila mara alibaki Mokeira tu, amekaa sokoni, anaona haya.

Wimbi likavunwa, likaanikwa, likapurwa. Machogu alikuja siku ya Ijumaa pamoja na Eliakim, mzee wa kanisa la Wasabato. Eliakim alikuwa na jambo lililomsumbua: aliogopa kuombea sanamu. Shina la mgomba ni shina la mgomba, alieleza, hata Musa asingekuwa na neno nalo. Lakini sura ya mtu iliyotengenezwa kwa mikono iko ndani ya amri ya pili, na yeye ana umri wa kutaka kumalizia maisha yake vizuri. Bitutu hakubishana naye. Alilifunua jani.

Eliakim alikizunguka kichwa. Alipofika mbele na kukuta pako patupu kama tumbo la mtungi, uso wake mwenyewe ulikunjuka. Alisema kisicho na uso si sanamu. Hicho ni chungu kama vyungu vingine, na chungu hakijamkosea Mungu. Wamzike Jumapili. Akaaga akiwa mwepesi, amefurahi.

Machogu alibaki mlangoni. Alikuwa amekitazama kile kisogo kwa muda, na alipozungumza sauti ilikuwa imebadilika.

"Shemeji," alisema, "nilidhani ni ukaidi. Sasa nimeelewa. Unampenda mno, huwezi kumalizia uso ukamfukia. Nisamehe."

Akaondoka. Afadhali angemtukana. Bitutu alisimama pale na ile heshima asiyostahili, akatamani kumkimbilia amwambie, na hakukimbia.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Watu wote walikwenda kanisani isipokuwa Kemuma, ambaye miguu ilikuwa haimchukui tena, na Bitutu, aliyesingizia kichwa kinamuuma. Jua lilipokuwa limesimama katikati, alisikia fimbo ya mkwewe ikigonga mawe ya uani, polepole, mpaka mlangoni.

"Moka Onyancha," aliita Kemuma. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, mke wa Onyancha, kwa lugha yao. "Nionyeshe mwanangu."

"Hajakamilika, Mama."

"Nimeambiwa. Machogu anasema mapenzi yamekushinda." Alipapasa kigoda, akakaa. "Mimi sikumwamini. Nimekujua miaka tisa. Wewe kazi haikushindi kwa machozi."

Bitutu alipiga magoti karibu na kile kigae. Maneno yalikuwa yamemkaa kooni miezi miwili, na yalipotoka yalikuwa machache.

"Nimeusahau uso wake, Mama. Nimeutafuta na siupati."

Alingoja kukaripiwa. Kemuma alinyoosha mikono hewani kama mtu anayeomba kupakatishwa mtoto, na Bitutu akalitoa jani, akakisogeza kichwa mpaka vidole vya yule mama vikakifikia. Vilianzia juu. Vilizunguka na nywele kuelekea kushoto. Vikashuka kwenye sikio, vikalishika.

"Sikio hili," alisema Kemuma kwa sauti ndogo. "Wenzake walimcheka kwa ajili yake. Alirudi nyumbani analivuta liende nyuma." Vidole vikashuka tena, vikafika kwenye kovu, vikasimama. "Na jipu hili nililikamua mimi. Alilia siku nzima. Ndiye, mwanangu. Ndiye huyu."

"Hana uso, Mama."

"Hata mimi uso wake wa mwisho sina." Kemuma aliiacha mikono yake pale pale shingoni. "Asubuhi ile alikuja kuniaga. Alisimama mlangoni kwangu, nami nilikuwa nachambua mboga. Nilikuwa nimemkasirikia, anakuacha wewe bila mtoto na mimi bila mwana mkubwa. Aliita, 'Mama.' Sikuinua macho. Niliona miguu yake tu, na viatu vya kuazima. Macho nilikuwa nayo wakati ule, Moka Onyancha. Yalikuwa mazima, na sikuyainua."

Nje kuku walikuwa wakiparua majani makavu chini ya migomba. Bitutu alilishika pindo la nguo ya mkwewe.

"Wewe ulimsindikiza mpaka wapi?" Kemuma aliuliza.

"Mpaka kijitoni. Nikasimama nikamtazama akipanda kilima, mpaka akaisha."

"Hakugeuka?"

"Hakugeuka hata mara moja. Na watu husema akupaye kisogo si mwenzio." Alishangaa kusikia jinsi sauti yake ilivyojaa uchungu. Miaka minane alikuwa akiitafuna methali hiyo peke yake.

"Waliosema hivyo hawakumwona akipanda kile kilima. Wewe ulimwona." Vidole vya Kemuma vilikuwa vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, kutoka ukosi hadi kisogoni, kama mtu aliyepotewa na kitu kidogo. "Mbona umeiinamisha shingo?"

Bitutu alitazama. Alikitazama kichwa alichokinyunyizia maji asubuhi sitini, akaona jambo ambalo mikono yake ililijua na yeye hakulijua. Shingo ilikuwa imeinama. Si sana, kiasi cha mtu anayetazama vidole vyake vya miguu. Kikunjo cha ngozi kilikuwa kimenyooka kwa ajili ya kule kuinama, na ukosi ulikuwa umepanda kuelekea masikioni, kama wa mtu aliyeinua mabega.

"Sikukusudia," alisema. "Ndivyo alivyokwenda. Kilima kizima, hivyo hivyo."

"Onyancha alitembea kichwa juu tangu utoto. Baba yake alimkanya kwa ajili hiyo." Kemuma aliirudia ile shingo kwa kiganja. "Shingo hii inalia, mwanangu. Hakugeuka kwa sababu alikuwa analia."

Hapo ndipo Bitutu alipolia. Alimlilia Onyancha kwa sauti, kwa mara ya kwanza, uso wake ukiwa mapajani mwa mkwewe, na Kemuma alimshika kichwa kwa mkono mmoja na mwanawe kwa mkono mwingine.

Jumapili alfajiri alimaliza kazi. Hakukichoma, maana udongo uliopita motoni haurudi tena kuwa udongo, na yeye alitaka Onyancha arudi. Alizipaka nywele masizi. Kwa ukosi alichanganya chokaa na bluu kidogo sana, kwa kuwa shati lile alilifua yeye mwenyewe usiku wa kuamkia safari, na bluu ilikuwa imezidi, na hapakuwa na muda wa kulisuuza tena. Sehemu ya mbele aliilainisha kwa kijiwe mpaka ikang'aa, akaiacha ilivyo.

Walimzika upande wa kulia wa nyumba, kama azikwavyo mwanamume mwenye mji. Machogu alishuka kaburini kumpokea. Eliakim aliombea chungu kile kwa moyo mweupe, wanawake wakalia, udongo ukarudishwa juu ya udongo. Wazee walipoanza kuulizana kwa chinichini juu ya mjane na atakayemtunza, Machogu aliwakatiza, akasema shemeji yake ana mikono, na ataulizwa siku nyingine atakapotaka kuulizwa.

Kisha watu wakaanza kuaga. Bitutu alisimama penye lango la mji akawashika mikono mmoja mmoja. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama kila mtu usoni, kwa utulivu, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu: Eliakim na kidevu chake chenye kishimo, Mokeira aliyekuja kutoka Nyakoe na macho yaliyovimba, watoto wanne wa Machogu kwa zamu. Wengine waliyakwepa macho yake. Walinong'onezana njiani kwamba msiba umemgusa akili, maskini, na kwamba upweke ni ugonjwa. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma kuona kama bado amesimama pale. Alikuwa amesimama.

Alipoingia ndani alikuta kile kigae nyuma ya mlango hakina kitu, na bonge la udongo lililobaki liko ndani ya jani lake, bado bichi. Kemuma alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuwa amekwenda kwake. Alikuwa amegeukia mlangoni, ulikokuwa mwanga, amevua kitambaa cha kichwa na kukiweka magotini. Uso wake wote ulikuwa wazi: paji la uso, mashavu yaliyobonyea, mdomo uliokuwa ukitetemeka kidogo kwa kujizuia.

Bitutu alikaa sakafuni mbele yake. Hakuugusa udongo. Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na mwanga ulihama kutoka shavu moja hadi jingine.

"Umeshaniona?" Kemuma aliuliza.

"Bado, Mama," alisema Bitutu. "Kaa kidogo."